Dhahabu haitoki? Usikimbilie kuongeza sianidi

Juzi tena, hapa Busia, mchenjuaji (anayetoa dhahabu kwa kemikali) ameniambia tangi lake "limegoma", yaani dhahabu haitoki, kwa hiyo kaongeza ndoo nzima ya sianidi, sumu inayoyeyusha dhahabu. Nimechoka kulisikia jambo hili, na linanitisha.

Tupige hesabu. Gramu 1 ya dhahabu huyeyushwa na takriban nusu gramu tu ya sianidi ya sodiamu. Nyingine yote unayonunua huliwa na shaba, chuma na salfaidi (madini yenye salfa) zilizomo kwenye marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kutolewa dhahabu mara ya kwanza, au hupotelea hewani. Isitoshe, bila oksijeni dhahabu haiyeyuki, na maji ya nyuzi 25 usawa wa bahari hubeba kama miligramu 8 tu kwa lita. Huku kwetu, juu ya mita 1,000, hubeba pungufu ya hapo. Sianidi ikishatosha, kinachochelewesha kazi ni hewa. Ipitishe hewa!

Kinachonikera zaidi ni kusahauliwa kwa chokaa, inayoua tindikali. Marudio yenye salfaidi yaliyonyeshewa miaka huwa na tindikali. pH (kipimo cha tindikali; kadiri tindikali inavyozidi, ndivyo inavyoshuka) ikishuka hadi 9.2, karibu nusu ya sianidi huru, ile isiyoshikwa na metali, imegeuka sianidi ya haidrojeni, sumu kali, nayo huchemka kwenye nyuzi 26. Hilo ni joto la kawaida kabisa hapa! Ndoo unayoongeza unawavutisha vijana wako. Wala usitegemee pua: harufu ile ya lozi chungu wapo wasioisikia kamwe. Chokaa kwanza, koroga, pima, ngoja, pima tena. pH ikisimama 10.5 au zaidi, ndipo sianidi iingie.

Kupima sianidi huru ni rahisi. Chuja maji ya tangi, tia iodidi ya potasiamu, kisha dondosha nitrati ya fedha tone kwa tone hadi maji maangavu yashike ukungu wa manjano usiopotea. Ukungu ukiwahi, sianidi imepungua, ongeza. Ukichelewa, ipo tele, tatizo liko kwingine.

Na zebaki iliyotumika kunasia dhahabu, ikabaki kwenye marudio? Sianidi huiyeyusha, ikaondoka na maji. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, unataka kukomeshwa kuchenjua kwa sianidi marudio ambayo zebaki yake haijaondolewa kwanza. Naafiki. Ila nina shaka na huko "kuondoa", kwa sababu chembe zilizosagika laini huponyoka kwenye karai na kwenye mwalo (mfereji wa kuoshea mchanga). Marudio ya namna hiyo siyapokei mpaka yapimwe maabara, hata mteja akinuna.