Mtoto wa jicho hasubiriwi akomae

Kuanzia Tukuyu hadi Makambako, mzee mwenye ukungu machoni bado huambiwa asubiri mtoto wa jicho (lenzi ya jicho iliyoingia ukungu) akomae ndipo apasuliwe. Enzi za upasuaji wa zamani ushauri huo ulikuwa na maana. Siku hizi daktari hufungua tundu la milimita 6 hivi, kwa ganzi ya jicho tu, mara nyingi bila nyuzi, kisha huweka lenzi bandia. Mtoto wa jicho akikomaa kupita kiasi, lenzi ya asili huwa ngumu kutoa, na inaweza kuvuja na kupandisha presha ya jicho.

Halafu kuna ubongo. Mwaka 2024 jopo la jarida la tiba la Lancet liliingiza uoni hafifu usiotibiwa katika vihatarishi 14 vya dimensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) vinavyoweza kurekebishwa. Kabla ya hapo, utafiti wa Marekani wa wazee zaidi ya 3,000 uliona dimensia pungufu kwa karibu asilimia 30 kwa waliopasuliwa mtoto wa jicho. Upasuaji wa glakoma, yaani ugonjwa wa presha ya jicho, haukuonyesha tofauti hiyo. Ni uhusiano, si uthibitisho kwamba upasuaji unazuia kusahau.

Bibi anayemimina chai nje ya kikombe, au asiyemtambua mjukuu mpaka aongee, apimwe macho kwanza. Mzibe jicho moja, simama mita 3, inua vidole ahesabu. Rudia jicho la pili. Akishindwa, au mboni ikiwa nyeupe, mpeleke kliniki ya macho. Akiweza, bado kipimo cha chati ya kusoma kutoka mita 6 kinahitajika: vidole hukamata hali mbaya tu.