Unga wa uyoga si miwani ya jua

Eti ukinywa unga wa uyoga wa dawa, ule wa rangi ya chungwa uitwao kodisepsi, utashinda kwenye kilimo cha mwani huko Paje, Zanzibar, na jua lisikudhuru macho. Sivyo. Unga huo kweli una karotenoidi, yaani kemikali asilia za rangi, ndizo zinazoupa rangi yake. Ila zinazotua nyuma ya jicho na kuchuja mwanga wa buluu ni luteini na zeaksantini, zilizojaa kwenye mchicha, kisamvu na kiini cha yai. Mwili hauziundi, na huzifyonza vyema penye mafuta. Kisamvu cha nazi, basi, kinatosha kabisa, tena bei yake nafuu! Lakini hata hizo hazizuii miale ya jua ya urujuanimno (UV), inayoumiza mbele ya jicho, kwenye lenzi, na kuchangia mtoto wa jicho. Hapo vaa kofia pana na miwani yenye kinga.