Alama ya biashara: jinsi pakiti isiyo na jina ilivyovunja haki ya jina

Alama ya biashara ni ishara inayomjulisha mnunuzi kwamba bidhaa hii imetoka kwa fulani na si kwa mwingine. Inaweza kuwa neno, mchoro, rangi, umbo la chupa, au vyote hivyo kwa pamoja. Aliyeisajili ana haki ya kumzuia mwingine asiitumie kwenye bidhaa za aina hiyo, wala asitumie chochote kinachofanana nayo kiasi cha kumchanganya mteja.

Maelezo hayo ni sahihi, ila yanamwacha msomaji akidhani kuwa kinacholindwa ni herufi zilizoandikwa kwenye rejista. Kinacholindwa hasa ni ule uhusiano uliojengeka kichwani mwa mnunuzi, kati ya ishara anayoijua na mahali bidhaa inakotoka. Wanaosahau hilo hushindwa kesi hata wakiwa na mawakili wa bei ghali, na mashauri ya majina ya sigara yana mifano mizuri ya watu wa namna hiyo.

Sigara ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili, hata kwa sisi tusiovuta. Kinachouza ni jina na sura ya pakiti. Matangazo yamepigwa marufuku au yamebanwa katika nchi nyingi, kwa hiyo jina limebaki karibu kuwa silaha pekee. Msikilize mtu anavyonunua dukani Dar es Salaam: "Mangi, nipe SM mbili." Mangi anazichomoa kwenye pakiti iliyokwisha funguliwa, anampa mkononi, anapokea hela, basi. Mteja hakuitazama nembo, hakusoma onyo, hata pakiti hakuigusa. Wala hakujisumbua kutamka jina refu, Sweet Menthol. Herufi mbili zimetosha kutenganisha anachokitaka na kila kitu kingine kilichomo dukani. Hiyo ndiyo kazi ya alama ya biashara, na hapo imefanyika kwa mdomo tu.

Jambo la pili la kujua ni kwamba haki hii ina mipaka ya nchi. Kusajili Kenya kwa KIPI, ofisi ya usajili ya huko, hakukupi kitu Tanzania. Hata ndani ya Tanzania yenyewe cheti cha BRELA, wakala wa usajili, kinaishia Bara. Anayetaka ulinzi Zanzibar huenda kusajili upya BPRA, wakala wa usajili wa huko. Kwa utaratibu huo, majina yanayokaribiana mno yanaweza kuishi ujirani. Watanzania wanaijua Portsman, ya Kampuni ya Sigara Tanzania, na Wakenya wanaijua Sportsman, ya BAT (British American Tobacco). Tofauti ni herufi moja, na kampuni zenyewe ni mahasimu. Inawezekana hata jina lilelile, herufi kwa herufi, likawa mali ya watu wawili wasiopikika chungu kimoja. Kisa kikubwa cha aina hiyo kiko Kanada.

Muulize mtu yeyote Marlboro ni ya nani, atakujibu ni ya Philip Morris, na atakuwa sahihi karibu kila mahali isipokuwa Kanada. Huko jina ni la Imperial Tobacco Canada, kampuni iliyo katika kundi la BAT, mshindani mkubwa wa Philip Morris. Chanzo ni mauziano ya mwaka 1924. Wakati huo Marlboro ilikuwa sigara changa, ikitangazwa Marekani kama sigara ya kina mama, laini kama mwezi wa Mei. Haki ya jina hilo kwa upande wa Kanada iliuzwa kwa Tuckett, kampuni ya tumbaku ya huko, ambayo baadaye ikamezwa na Imperial. Mwaka 1932 jina likasajiliwa.

Aliyeuza hakuwa mjinga. Nani angejua kwamba miaka thelathini baadaye sigara ile ya kina mama ingevalishwa kofia ya mchunga ng'ombe? Kuanzia mwaka 1955 Marlboro ilitoka na kichungi, pakiti ngumu ya kufunua juu, na ule mchoro mwekundu wenye ncha ya paa la nyumba juu ya weupe. Wanaume wenye farasi wakalipandisha jina hadi likawa kubwa kuliko yote katika biashara ya sigara. Umaarufu huo ulivuka mpaka na kuingia Kanada pamoja na magazeti, televisheni na wasafiri. Haki ya jina haikuvuka nao. Kwa hiyo Wakanada wakawa na Marlboro moja vichwani mwao na Marlboro nyingine madukani.

Philip Morris walikwenda mahakamani katika miaka ya 1980 wakitaka usajili wa Imperial ufutwe, wakashindwa. Kwa miongo kadhaa walitumia pia njia nyingine ambayo haikuwa na kosa lolote: waliuza Kanada sigara zenye paa lilelile jekundu chini ya majina tofauti, kama vile Matador na Maverick. Mchoro ulikuwa wao na ulisajiliwa huko kwa jina lao. Kilichokuwa cha mwenzao ni neno.

Mwaka 2006 ndipo wakacheza karata yao. Rothmans, Benson & Hedges, kampuni ya Kanada ambayo walikuwa na hisa ndani yake, iliingiza sokoni pakiti yenye paa jekundu ambayo haikuwa na jina. Geuza mbele, geuza nyuma, jina la sigara hulioni.

Imperial wakafungua kesi. Utetezi wa Philip Morris ulikuwa mtamu kusikiliza: mnasema tumeingilia jina lenu, jina lenyewe liko wapi? Mchoro ni wetu, na neno Marlboro hatujaliandika popote. Mwaka 2010 jaji wa Mahakama ya Shirikisho aliukubali utetezi huo. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ikaupindua.

Hoja ya majaji wa rufaa inahitaji kufuatwa taratibu. Majimbo ya Kanada yalikuwa yamekataza sigara kuwekwa mahali zinapoonekana. Kabati liko nyuma ya kaunta, lina mlango, na mlango umefungwa. Mteja hawezi kunyoosha kidole akasema nipe ile pale. Ni lazima aseme anataka nini. Sasa kama pakiti haina jina, atasema nini? Atataja jina ambalo mchoro ule unamkumbusha, nalo ni Marlboro. Kulikuwa na ushahidi kwamba wapo wauzaji na wavutaji walioiita hivyohivyo. Lakini ndani ya kabati hilohilo inaweza kuwemo sigara nyingine ambayo imeandikwa Marlboro waziwazi, ya Imperial. Muuzaji akiombwa Marlboro, atoe ipi? Mahakama ikasema kwamba kufanana kwa alama hakupimwi kwa macho na masikio peke yake. Sheria ya Kanada inapima pia wazo ambalo alama inalileta akilini. Pakiti isiyo na jina ilileta wazo la Marlboro, na nchini Kanada wazo hilo lilikuwa na mwenyewe.

Wapo wanaoiona hukumu ile kuwa ya uonevu, kwa kuwa umaarufu wa paa jekundu ulijengwa na Philip Morris kwa fedha zao na si na Imperial. Kuhusu fedha wanasema kweli. Ila mimi naona majaji walipiga penyewe. Bila umaarufu ule, nani angenunua pakiti isiyo na jina? Kampuni inayolijua soko kiasi kile haikuacha nafasi ya jina tupu kwa bahati mbaya. Iliiacha ili mteja aijaze mwenyewe.

Kesi ya Nerit, ya Uingereza, ni kinyume cha hiyo: jina lilikuwepo, bidhaa ya kweli haikuwepo. Imperial ya Uingereza, ambayo si ile ya Kanada, ilitaka kutumia jina Merit. Sheria ya alama za biashara ya wakati huo, ya mwaka 1938, haikukubali mtu mmoja ajimilikishe neno la sifa, na Merit ni neno la kusifia ubora. Kila mwenye bidhaa ana haki ya kusema bidhaa yake ni bora. Basi wakasajili Nerit. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kuvuta kitu kinachoitwa Nerit, nadhani hata wao wenyewe. Shabaha ilikuwa kwamba atakayekuja na Merit aambiwe jina lake linafanana mno na Nerit, akae kando. Ni kama kuweka mkoba kwenye kiti cha daladala.

Shida ya mbinu hiyo ni kwamba alama isiyotumika inaweza kufutwa, na Uingereza ilitoa muda wa miaka 5. Ili kujikinga, Imperial walitengeneza kiasi kidogo cha Nerit, wakazipeleka sokoni bila kelele, zikauzwa takriban sigara milioni moja. Kwa mwenye kibanda hiyo ni mali ya maisha. Kwa kampuni iliyokuwa ikiuza sigara kwa mabilioni ni punje. Philip Morris, ambao mwaka 1976 walikuwa wameanzisha Merit kule Marekani, wakaomba Nerit iondolewe kwenye rejista. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mahakama ya Rufaa ikawapa ushindi. Sigara ziliuzwa kweli, hakuna aliyebisha, lakini mauzo hayakuwa lengo. Lengo lilikuwa kushikilia nafasi. Hayo hayakuhesabiwa kuwa matumizi ya nia njema.

Kanuni hiyo iko kwetu pia. Sheria ya Tanzania Bara inaruhusu mtu kuomba alama ya mwingine ifutwe ikikaa miaka 3 mfululizo bila kutumika. Ya Kenya inasema 5. Haifutiki yenyewe, lazima mtu mwenye maslahi ajitokeze. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyesajili majina sita ili washindani wasiyapate, huku akitumia moja tu, ana cheti kimoja chenye nguvu na vitano vinavyomsubiri mtu wa kuvipinga.

Mpaka hapa ugomvi ni wa kampuni kwa kampuni. Upo pia ugomvi wa kampuni na serikali, na huo ndio unaoonyesha haki hii inakomea wapi. Mwaka 2001 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo la kukataza maneno yanayodokeza kwamba sigara fulani ni laini, kama kwamba haidhuru sana. Japan Tobacco, ambao kupitia tawi lao la JTI ndio wenye hisa nyingi katika Kampuni ya Sigara Tanzania, walilalamika: jina lao Mild Seven lilikuwa na neno lililokatazwa, mild, yaani laini, na ni alama iliyosajiliwa kihalali. Desemba 2002 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliwakatalia. Mwaka 2013 sigara hiyo ikaanza kuitwa Mevius.

Australia wakaenda mbali zaidi. Kuanzia tarehe 1 Desemba 2012 kila pakiti ya sigara nchini humo ina rangi moja ya kufifia, na jina limeandikwa kwa herufi za aina moja na ukubwa mmoja. Nembo na michoro yote nje. Kampuni za tumbaku zilidai kwamba serikali imenyang'anya mali yao bila fidia. Mahakama Kuu ya Australia, majaji sita dhidi ya mmoja, ikajibu kwamba serikali haikujipatia mali yoyote. Imezuia tu matumizi. Kanada nayo iliingia utaratibu huo madukani mwaka 2020, na lile paa jekundu lililopiganiwa halionekani tena kwenye pakiti ya mtu yeyote.

Uruguay ndiko dhana hii ilikoelezwa vizuri zaidi. Mwaka 2008 na 2009 serikali yake iliamuru kwamba kila jina la sigara liuzwe kwa sura moja tu, na onyo la afya lifunike asilimia 80 ya pakiti. Marlboro isingeweza tena kuuzwa nyekundu, ya dhahabu na ya kijani kwa wakati mmoja. Mwaka 2010 Philip Morris walilipeleka taifa hilo lenye watu wasiozidi milioni nne kwenye baraza la usuluhishi la uwekezaji mjini Washington. Walidai kwamba kusajili alama kumewapa haki ya kuitumia, na serikali imeivunja haki hiyo.

Uamuzi ulitoka Julai 2016. Wasuluhishi walisema kwamba mwenye alama ya biashara hana haki isiyo na mipaka ya kuitumia apendavyo, bila kuguswa na kanuni za nchi. Alichonacho ni haki ya kuwazuia wengine wasiitumie sokoni. Uruguay haikuwa imemruhusu mtu mwingine yeyote kuzitumia alama za Philip Morris, kwa hiyo haki hiyo ilikuwa haijaguswa. Philip Morris waliamriwa kuilipa Uruguay dola milioni 7 za gharama za kesi. Alama zenyewe ziliendelea kukaa kwenye rejista kule Montevideo, na hakuna aliyeruhusiwa kuziiga.