Usizime simu, ila GPS yako iangalie vizuri jua likishazama

Mama yangu mkubwa anaishi Kibosho. Kuna usiku alizima simu saa mbili mpaka kesho yake asubuhi saa tatu, sisi huku Arusha tumeshaanza kupigiana simu nani kaongea naye mara ya mwisho, nani yuko karibu, mpaka tukamtuma kijana wa bodaboda aende akachungulie. Kamkuta anamkatia ng'ombe majani, mzima kabisa. Kumbe alipokea ile meseji ya kwenye magrupu, ile inayosema usiku wa leo kuanzia saa sita na nusu miale hatari kutoka anga za juu itapita karibu na dunia, zimeni simu, msilale nazo kitandani, watumie unaowapenda. Akatii. Nilipompigia hakuwa na aibu hata kidogo, akaniambia, "Mwanangu, si wewe ndio unafanya kazi ya mambo ya jua? Mbona hukutuambia mapema?"

Swali lake lina haki yake. Sisi tunaofanya hii kazi tunaandikiana wenyewe kwa wenyewe, mama mkubwa wa Kibosho anabaki na meseji za magrupu. Basi leo naandika kwa ajili yake na kwa ajili ya wote mnaotumia GPS na redio za masafa marefu, zile za HF za kuongea na watu wa mbali, hapa Arusha na Moshi, kwa sababu hilo jambo lipo kweli, ila sio hivyo mnavyoambiwa na wala sio saa hiyo.

Tuimalize meseji kwanza. Jua haliwezi kukudhuru kupitia simu yako, simu haivuti miale, ukiizima au ukiiwasha ni yale yale. Isitoshe tuko karibu na ikweta, na huku sumaku ya dunia inatukinga vizuri dhidi ya chembe zinazorushwa na jua kuliko wenzetu wanaokaa karibu na ncha za dunia, na juu yake kuna hewa yote hii. Hata ukiwa unapanda Kibo, mita 5,895 pale Uhuru, kitakachokubabua ngozi na kukuumiza macho ni mwanga wa jua wa kila siku, paka mafuta na vaa miwani, habari ya dhoruba ya jua achana nayo. Na mtandao ukikatika usikimbilie kulisingizia jua. Tarehe 10 Mei 2024 ilipiga dhoruba kubwa ya jua, kubwa kuliko zote tangu 2003, watu mpaka Mexico wakaona anga limekuwa jekundu usiku. Siku mbili baadaye, Jumapili ya tarehe 12, intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima, na kwa haraka haraka ungesema si ndio lile jua. Hapana, zile zilikuwa nyaya za chini ya bahari zimekatika huko upande wa kusini mwa Afrika. Mambo mawili tofauti yamekutana wiki moja, basi.

Sasa jua linafanya nini hasa. Lina madoa meusi usoni, na madoa hayo yanaongezeka na kupungua kwa mzunguko wa kama miaka 11 hivi, huu wa sasa ulianza Desemba 2019 na kilele chake tumekipata kwenye 2024. Madoa yakiwa mengi milipuko nayo inakuwa mingi, na mlipuko unaweza kututumia vitu vya aina tatu ambavyo kila kimoja kina mwendo wake. Cha kwanza ni mwanga na eksirei, hivyo vinatumia dakika 8 na ushee tu kutoka kwenye jua mpaka hapa, kwa hiyo hakuna cha kukutahadharisha, ukiuona mlipuko ujue umeshafika. Cha pili ni chembe zenye kasi kubwa, zinafika ndani ya dakika kadhaa au masaa. Cha tatu ndio bonge lenyewe, wingu zito la gesi yenye umeme na sumaku yake ndani, hilo linakuja polepole, siku moja mpaka tatu, ingawa lile la 1859 lilitumia masaa kama 17 na nusu tu, likafika na kuunguza mitambo ya telegrafu. Machi 1989 lingine lilizima umeme jimbo zima la Quebec kule Kanada, watu milioni 6 wakakaa gizani masaa 9.

Hizo ndizo habari mnazosikia, na karibu zote ni za huko kaskazini. Za kwetu hazisemwi.

Mwezi wa tatu 2024 nilikuwa Kisongo na kijana mmoja mpima ardhi, nilimfundisha zamani, mpaka leo ananiita mwalimu. Mteja wake alikuwa anasafiri kesho yake alfajiri akataka bikoni zote, zile nguzo za mpaka, zisimikwe siku hiyo hiyo, kwa hiyo jua likazama bado tuko shambani na tochi. Mpaka saa kumi na mbili na nusu kazi ilikuwa tamu, anasimamisha fimbo, rova, yaani kile kipokezi cha GPS cha juu ya fimbo, inatulia, baada ya sekunde chache inaandika fiksi, maana yake kipimo kimekubali, makosa sentimita mbili, anasogea. Tulipofika bikoni ya sita ilikuwa saa mbili kasoro, rova ikaandika floti, maana yake bado inakisia. Akasubiri. Floti. Akazima akawasha, floti. Akamtuma msaidizi akaangalie betri ya besi, kile kipokezi cha pili kinachokaa mahali pamoja, betri iko sawa. Akaanza kuulaumu mti wa mgrevilea uliokuwa pembeni, akasogea nao mbali hatua kama ishirini, bado. Nikamwambia hebu nifungulie ule ukurasa wa satelaiti, na pale ndio niliona nilichokuwa nakisubiri, vile vimstari vya nguvu za mawimbi vya satelaiti za upande wa magharibi vinapanda na kushuka, vinapanda na kushuka, kama mshumaa uliowekwa dirishani. Za upande wa mashariki zimetulia tuli.

Akachoka, akachukua ile namba ya floti hivyo hivyo akasimika. Kesho yake saa moja asubuhi tukarudi tukaipima tena ile bikoni ya sita, imehama sentimita 37. Bikoni haijahama bwana, imesimikwa kwa zege, kilichohama ni anga. Na wewe unayejua bei za viwanja Njiro unajua sentimita 37 za mpakani zinaweza kufikisha majirani wapi.

Kilichotokea ni hiki. Satelaiti za GPS ziko juu kilomita kama 20,200, na kabla mawimbi yake hayajafika kwako yanapita kwenye tabaka linaloitwa ayonosfia, kuanzia kilomita 60 kwenda juu mamia ya kilomita, ambako mwanga wa jua umevunja vunja hewa ikawa na chaji za umeme. Tabaka hilo linachelewesha mawimbi. Kuchelewa kidogo tu, sehemu moja ya bilioni ya sekunde, ni sentimita 30 kwenye vipimo vyako, na mchana wa jua kali kosa linaweza kuvuka mita 10. Mafundi wa GPS wanalijua hilo zamani na wanalirekebisha, vifaa vya masafa mawili, yaani vinavyopokea mawimbi ya aina mbili kutoka satelaiti ile ile, vinayalinganisha na kulitoa. Kwa hiyo mchana hatuna kesi.

Kesi ni jioni, na ni kesi yetu sisi watu wa ukanda huu. Ikweta ya sumaku sio ile ikweta ya kwenye ramani ya shule, kwa upande wetu inapita juu huko Ethiopia. Mchana kutwa umeme wa angani unaisukuma ile gesi yenye chaji ipande juu pale Ethiopia, halafu inateleza kufuata mistari ya sumaku na kumwagika pande mbili, kaskazini na kusini, kama chemchemi. Upande wa kusini unamwagikia huku kwetu. Ndio maana anga letu limebeba mzigo mkubwa kuliko la London au Chicago hata siku ambayo jua limelala zake.

Jua likizama, sehemu ya chini ya tabaka inaisha haraka, ya juu inabaki nzito. Sasa chukua glasi, weka mafuta ya kupikia, halafu mimina maji juu yake uone. Mafuta hayakubali kukaa chini, yanapanda kwa mapovu mapovu. Na angani ni hivyo hivyo, mapovu ya gesi nyepesi yanapanda kupita kwenye ile nzito, marefu kwelikweli, kingo zake zimechanika chanika, na yanasukumwa kuelekea mashariki, ndio maana pale Kisongo satelaiti za magharibi zilianza kuyumba kabla ya nyingine. Mawimbi yakipita kwenye kingo hizo yanametameta jinsi nyota inavyometameta kwa sababu ya hewa. Nyota ikimetameta watu wanasifia. GPS ikimetameta rova inapoteza hesabu.

Inaanza kama saa moja na nusu usiku hivi, mara nyingi inaisha kabla ya saa sita au saa sita na kitu, na kwetu inakuwa mbaya zaidi mwezi wa tatu na wa nne, halafu tena wa tisa na wa kumi, hasa miaka ambayo madoa ya jua ni mengi. Simu yako ya mkononi hutaona tofauti ya maana, dereva wa apu akipotea Sakina sio jua, ni yeye. Wanaoumia ni wanaotaka sentimita, wapima ardhi, makandarasi wa barabara, wanaorusha droni za ramani, na mashamba makubwa yenye trekta zinazojiongoza. Mei 2024 wakulima wa Marekani trekta zao zilichanganyikiwa katikati ya msimu wa kupanda mahindi, kwao lilikuwa tukio la miaka ishirini. Huku kwetu anga linaweza kuyumba jioni nyingi tu za kawaida na hakuna gazeti linaloandika.

Redio ni hadithi nyingine, nayo ni ya mchana. Kempu za mbali huko mbugani bado zinatumia redio za masafa marefu kuongea na ofisi za Arusha, na mawimbi hayo yanategemea kugonga ayonosfia yarudi chini. Mlipuko mkubwa wa jua ukitokea, eksirei zinalinenepesha lile tabaka la chini kabisa na linayameza mawimbi badala ya kuyaachia yapite yakagonge juu. Linaloumia ni upande wa dunia ulioelekea jua, na pale jua linapokuwa utosini ndio balaa lenyewe, sasa sisi saa sita mchana jua linakuwa wapi? Redio inakufa ghafla, dakika chache au saa nzima, halafu inarudi yenyewe kama haijafanya kitu. Nimeshaona fundi anapandishwa mlingoti kubadilisha antena ambayo haikuwa na kosa lolote, redio ikarudi akiwa bado yuko juu, akalipwa na akasifiwa. Redio kolo za kwenye magari ya utalii, zile za kuongea karibu karibu, hazina shida hiyo.

Utabiri je? Upo. Marekani wana kituo chao Boulder, Uingereza wanao, na Afrika Kusini wana kituo cha masaa 24 pale Hermanus tangu Novemba 2022, hicho ndicho cha bara letu na mimi ndicho ninachokiangalia kila asubuhi kabla ya chai. Wanatazama madoa, wanakadiria bonge litafika lini, lakini hawajui sumaku iliyo ndani yake imeelekea wapi mpaka lifike kwenye vyombo vilivyo kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, na kutoka pale linabakiza dakika 15 mpaka 60. Hiyo ndiyo tahadhari ya uhakika tuliyo nayo duniani, muda wa kutoka Tengeru mpaka mjini kama hakuna foleni.

Na hata huo utabiri ukiupata, namba kubwa wanayoitangaza inapima kutikisika kwa sumaku ya dunia kwa ujumla, haikuambii jioni ya leo Kisongo itakuwaje. Kuna siku dhoruba inapiga na mapovu ya kwetu yanazimwa kabisa, rova inafanya kazi kama mchana. Kuna siku dunia nzima shwari na sisi tunaumia. Tafsiri mpya ya namba za watu haitatusaidia hapo, lazima tupime wenyewe. Dar es Salaam kiliwekwa kipima sumaku cha mtandao wa Wajapani, vipokezi vya GPS vya utafiti navyo vipo vichache hapa na pale ukanda huu, lakini kwa nchi yenye ukubwa huu ni sawa na kutabiri mvua ya Moshi kwa ndoo moja iliyowekwa Dodoma.

Ndio maana nawaomba kitu kidogo nyie mnaoshika hivyo vifaa kila siku. Kama kazi ya sentimita inaweza kusubiri asubuhi, isubiri, hasa hiyo miezi minne niliyoitaja. Kama haiwezi, washa satelaiti za mifumo yote ambayo kifaa chako kinasoma, usitegemee GPS peke yake, na namba ya floti usiisimikie bikoni hata mteja akikunja uso. Halafu andika. Tarehe, saa, mahali, kifaa gani, satelaiti za upande gani zimeyumba. Watu wa redio za kempu nao hivyo hivyo, andikeni saa iliyokata na saa iliyorudi kabla hamjamwita fundi. Usiandike kwenye simu ukaja kufuta, chukua daftari.

Yule kijana wa Kisongo ameshaanza lake, alinionyesha juzi. Ukurasa wa kwanza kaandika bikoni ya sita, saa mbili kasoro dakika kumi, floti, magharibi, halafu chini yake kwa kalamu nyekundu: sio mgrevilea.