Jezi za hoki kwenye minada ya mtandaoni: kagua kitambaa kabla ya cheti

Kila Oktoba msimu wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Kanada na Marekani, unapoanza, minada ya mtandaoni hujaa jezi zinazodaiwa kuvaliwa na wachezaji uwanjani, na wiki chache baadaye dawati letu la uhakiki huanza kupokea malalamiko. Wanaotuandikia kwa Kiswahili wengi wanaishi Kanada na Marekani. Wachache wako Nairobi na Dar es Salaam, ambako jezi hizi hufika ndani ya marobota ya mitumba na mtu akajikuta ameshika kitu chenye nembo ya timu ya Montreal Canadiens bila kujua kina thamani gani. Karibu kila lalamiko lina kiambatisho cha aina moja: picha ya cheti kinachodai jezi ni halisi. Picha ya jezi yenyewe, iliyogeuzwa nje ndani, haipo.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Cheti ni karatasi. Kama hakina namba inayokifunga na jezi moja tu, hakuna kinachokizuia kuhamia kwenye jezi nyingine kesho. Tunawaomba wananchi wajifunze kusoma kitambaa kwanza, kisha karatasi.

Jambo jingine linalotuchosha ni neno "Authentic" lililoandikwa kwenye lebo. Tumeeleza mara nyingi, na tunaeleza tena: neno hilo ni jina la daraja la bidhaa dukani. Halithibitishi kwamba mchezaji aliivaa. Jezi halali ziko za aina nne. Ya kwanza ni nakala ya mashabiki, nyepesi, yenye leseni. Ya pili ni ya dukani ya daraja la juu, ndiyo hiyo inayoitwa Authentic. Ya tatu ilitengenezwa kwa ajili ya timu na ikatolewa kwa mchezaji, lakini haikuingia barafuni. Ya nne ilivaliwa mchezoni. Muuzaji anayeuza ya pili kwa bei ya nne anaweza asiwe ameuza feki hata kidogo. Ameuza maelezo ya uongo. Tofauti hiyo ni kubwa mbele ya sheria na pia kwenye bei. Jezi ya Paul Henderson, mchezaji wa Kanada, aliyoivaa akifunga bao la ushindi mjini Moscow tarehe 28 Septemba 1972 iliuzwa mwaka 2010 kwa zaidi ya dola milioni 1 za Marekani. Jezi ya mwisho ya Wayne Gretzky akiwa na Edmonton Oilers, ya fainali za 1988, ilipita dola milioni 1.4 mwaka 2022. Jezi ya Adidas ya dukani ya daraja la juu, bila jina, ilikuwa takriban dola 180. Pengo hilo ndilo linalomvuta tapeli.

Anza na kalenda, kwa sababu haihitaji hata kuishika jezi. Katika michezo ya ligi, mtengenezaji wa jezi Reebok alianza kuonekana msimu wa 2005-06, muundo wake wa Edge ukaingia timu zote 2007-08, Adidas ikachukua nafasi 2017-18, na Fanatics 2024-25. Kwa hiyo jezi ya Adidas "iliyovaliwa ligini 2014" haipo. Ngao ya NHL, yaani nembo ya ligi, ilikuwa na rangi ya machungwa na nyeusi hadi 2005, ndipo ikawa ya fedha na nyeusi. Matangazo ya kibiashara kifuani yaliruhusiwa kuanzia 2022-23. Majina mgongoni yalilazimishwa kwa timu zote msimu wa 1977-78. Mmiliki wa timu ya Toronto wakati ule, Harold Ballard, alipinga hadi akabandika herufi za buluu juu ya kitambaa cha buluu ili zisisomeke. Kuna pia kosa linalowaumbua matapeli kila mwaka: kuanzia 1970-71 hadi 2002-03 timu ya nyumbani ilivaa nyeupe, na tangu 2003-04 ya nyumbani huvaa ya rangi. Ukiambiwa jezi nyekundu ya timu ya Detroit ilivaliwa Detroit katika mechi ya ligi ya mwaka 1995, uliza mara mbili.

Lebo ya nchi nayo husaidia, lakini kwa tahadhari. Jezi za Adidas za dukani zilishonwa Indonesia. Za wachezaji zilishonwa Kanada, Saint-Hyacinthe katika jimbo la Quebec. Hata hivyo za Kanada nazo huuzwa kwa umma kupitia maduka ya timu, na lebo ya "Made in Canada" ndiyo kitu cha kwanza ambacho watengeneza feki hunakili. Lebo ya Indonesia inatosha kuondoa dai la kuvaliwa kwenye jezi ya kipindi hicho. Lebo ya Kanada haitoshi kulithibitisha.

Sasa igeuze jezi nje ndani. Namba halisi za uwanjani hukatwa katika kitambaa kigumu, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hushonwa peke yake. Kwa ndani utaona mistari ya uzi inayofuata kingo za kila tabaka, na kitambaa kati ya mistari hiyo kikiwa laini. Kwenye feki utakuta mara nyingi mstari mmoja uliopita tabaka zote kwa pamoja, karatasi ngumu ya kushikizia iliyoachwa bila kung'olewa, na nyuzi zinazoruka kutoka herufi moja hadi nyingine bila kukatwa. Nembo ya kifuani ya feki huvuta kitambaa kinachoizunguka hadi kinajikunja kama karatasi iliyolowa. Kama kuna matundu ya sindano yanayochora jina jingine chini ya jina lililopo, si lazima iwe feki: timu hubadilisha majina, na jezi huteremshwa kwa timu za ligi ndogo. Lakini dai kwamba ilivaliwa na nyota fulani mwisho wa maisha yake ya uchezaji linahitaji maelezo mapya.

Ndani ya mgongo, upande wa chini, tafuta mkanda unaofunga jezi kwenye suruali. Kanuni za NHL zinasema mchezaji aliyegombana bila jezi yake kufungwa, na jezi ikamvuka mwilini, hutolewa nje kwa mchezo uliobaki, kwa hiyo mkanda huu si pambo. Umeshonwa kwa nguvu ya kuhimili mtu mzima anayevutwa, juu ya kipande cha ziada cha kitambaa. Ukikuta umeshikizwa kwa mishono michache myembamba inayoonekana hadi nje ya jezi, mkanda huo haukukusudiwa kuvutwa na mtu yeyote. Kwenye jezi iliyovaliwa msimu mzima, velkro yake hujaa nyuzi na vumbi la nguo, na kitambaa kinachouzunguka huwa kimelegea.

Uchakavu ndio unaoghushiwa zaidi, na ndiko tunakotaka msomaji akae kwa muda. Mchezaji anapobamizwa kwenye ukuta wa uwanja, msuguano hutoa joto na poliesta huyeyuka. Alama inayobaki ni ndogo, ngumu, yenye mng'ao. Ukiipitisha ukucha inakwaruza kama tone la plastiki lililoganda, na mara nyingi imeshika chembe za rangi ya ukuta. Msasa haufanyi hivyo. Msasa huinua manyoya ya kitambaa, ukiyatazama kwa kioo cha kukuzia utaona nyuzi zimekatika na kusimama, laini kwa kidole. Brashi ya waya huacha mistari inayokwenda upande mmoja. Kisha angalia mahali. Uchakavu wa kweli hauna usawa: hukaa kwenye viwiko, kwenye pindo za mikono panaposuguana na glavu, na upande mmoja wa tumbo panapopita gongo lenye utepe mweusi. Kisahani cha mpira huacha alama nyeusi ambazo kufua hakuziondoi zote. Jezi iliyochakaa sawasawa kila mahali imechakaziwa mezani. Marekebisho ya fundi wa vifaa vya timu yana haraka ndani yake: uzi usiofanana na rangi ya kitambaa, mshono mnene, ncha fupi.

Wengi hununua taa ya urujuanimno wakidhani itawapa jibu. Haitoi jibu peke yake. Uzi wa kisasa hung'aa, ni kweli, lakini sabuni ya kufulia nayo ina kemikali za kung'arisha, na jezi ya 1982 iliyofuliwa mwaka jana itang'aa pia. Itumie kutafuta tofauti ndani ya jezi moja: uzi wa jina ukiwaka na uzi wa namba usiwake, jina limeshonwa siku nyingine.

Uthibitisho ulio imara zaidi ni kulinganisha jezi na picha za mchezo. Kitambaa chenye matundu hufanya kazi kama alama ya kidole, kwa sababu fundi anaposhona namba hawezi kuangukia matundu yale yale mara mbili. Chagua kona ya namba, hesabu matundu kutoka kona hiyo hadi mshono wa karibu, kisha fanya vivyo hivyo kwenye picha kubwa isiyopunguzwa ubora. Kona moja haitoshi. Tunataka angalau sehemu tatu zisizohusiana, na mojawapo iwe dosari, kwa mfano herufi iliyoinama au uzi uliojitokeza. Zingatia mfuatano wa siku. Alama ya kuungua iliyoonekana Januari haiwezi kutoweka Machi isipokuwa imeshonewa. Alama ambayo haikuwapo Januari inaweza kuonekana Machi. Wauzaji wengi hutumia picha ya Januari na kuficha ya Machi. Kumbuka pia kwamba mchezaji hupewa zaidi ya seti moja kwa msimu. Kuona namba 87 ya Pittsburgh kwenye picha hakujathibitisha kwamba ni jezi hii.

Turudi kwenye karatasi. Cheti kinachofaa kina namba inayoonekana pia kwenye lebo iliyoshonwa ndani ya jezi, kinataja msimu, seti, na nyumbani au ugenini, na mtoaji wake ana rejista unayoweza kuiuliza. Kampuni ya MeiGray ya New Jersey, iliyoanza 1997, hufanya kazi kwa mtindo huo na timu kadhaa. Barua inayosema "kwa maoni yetu inaendana na jezi zilizovaliwa" ni maoni, isomwe kama maoni. Na uhakiki wa saini haumaanishi chochote kuhusu nani aliivaa jezi. Tunarudia hili kwa sababu ndilo kosa tunalolikuta mara nyingi zaidi. Mwaka 2011 waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani katika jimbo la Illinois waliwashtaki wafanyabiashara waliodaiwa kununua jezi za kawaida, kuzichakaza na kuziuza kama zilizovaliwa; baadhi yao walikiri. Walaghai wa kiwango hicho hawakosi karatasi.

Dau nalo laweza kuwa la uongo. Bill Mastro, aliyekuwa mwendesha mnada mkubwa kabisa wa kumbukumbu za michezo Marekani, alihukumiwa 2015 kifungo cha miezi 20 katika kesi iliyohusu madau ya kupandisha bei bandia. Panga kikomo chako kabla, ukiandike, usikivuke.

Utaratibu ni huu. Angalau siku 2 kabla ya mnada kufungwa, muombe muuzaji picha 8: mbele nzima, nyuma nzima, lebo ya shingoni, lebo ya ufuaji, mkanda wa suruali, nembo ya kifuani kwa upande wa ndani, namba moja kwa upande wa ndani, na pindo za mikono yote miwili. Moja kati ya hizo iwe na karatasi iliyoandikwa kwa mkono tarehe na namba ya mnada. Akikataa, acha. Lipa kwa kadi ya mkopo au kwa njia yenye ulinzi wa mnunuzi. Malipo ya PayPal yaliyotumwa kama kwa ndugu na marafiki hayana ulinzi huo, hata kama muuzaji amekuahidi punguzo. Hifadhi ukurasa wa mnada kwa picha za skrini kabla haujafutwa, pamoja na mazungumzo yote. Kifurushi kikifika, kifungue huku ukirekodi video. Usiifue jezi. Usikate lebo. Usiivae hata kwa picha moja.

Muda unahesabika. Dai la eBay hufunguliwa ndani ya siku 30 tangu bidhaa ifike. La PayPal ndani ya siku 180 tangu malipo. Anza na jukwaa la mnada, kisha benki, kisha ripoti kwa Kituo cha Kupambana na Ulaghai cha Kanada au, ukiwa Marekani, kituo cha FBI cha uhalifu wa mtandaoni kiitwacho IC3. Sheria ya Marekani iliyoanza 27 Juni 2023 inazitaka tovuti kuwahakiki wauzaji wenye mauzo 200 au zaidi na mapato ya dola 5,000 ndani ya miezi 12, lakini huhesabu bidhaa mpya au zisizotumika tu. Anayeuza jezi zilizotumika pekee hahesabiwi, kwa hiyo msitegemee alama ya kuhakikiwa.

Kuhusu adhabu: Kanada, ulaghai unaozidi dola 5,000 una kifungo cha hadi miaka 14, na chini ya hapo hadi miaka 2. Kuuza kwa makusudi bidhaa yenye alama ya biashara ya kughushi ni faini ya hadi dola 1,000,000 au kifungo cha hadi miaka 5, au vyote viwili. Marekani, ulaghai kwa njia ya mawasiliano hufika miaka 20, na biashara ya bidhaa bandia miaka 10 na faini ya dola milioni 2 kwa kosa la kwanza. Haya yanamhusu pia mnunuzi aliyetapeliwa. Ukishajua jezi ni feki kisha ukaiuza kwa mwingine kama halisi ili urudishe fedha yako, wewe sasa ndiye muuzaji anayejua. Barua pepe ya mtaalamu aliyekuonya ni ushahidi dhidi yako.

Kwa walioagiza kutoka nje: afisa wa forodha wa Kanada anaweza kuishikilia jezi kwa siku 10 za kazi, na kuongeza 10 nyingine, ili mwenye alama ya biashara aende mahakamani. Msamaha wa matumizi binafsi ni kwa kilichomo kwenye mizigo ya msafiri. Kifurushi cha posta hakimo. Ukipokea taarifa ya forodha kwamba jezi imeshikiliwa, usiitupe wala usimlipe wakala anayeahidi kuikomboa jezi. Ambatanisha taarifa kwenye dai lako kwa jukwaa la mnada, ukitaja tarehe iliyoandikwa juu yake.

Maelezo haya ni ya elimu kwa umma na hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili.