Kima punju na mkungu: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Anayepita barabara ya Jozani, kusini mwa Unguja, akaliona kundi zima la kima punju likila majani juu ya mkungu, huondoka akiamini kwamba mnyama huyo ni wa kawaida sawa na mti alioukalia. Dhana hiyo ndiyo inayopotosha kuliko zote. Mkungu una asili ya pwani za Asia, na kwa kuwa kungu, yaani matunda yake, huelea majini na kuota zikifika ufukweni, leo umeenea pwani nyingi za nchi za joto. Kima punju kwa asili hapatikani popote isipokuwa Unguja na visiwa vidogo vilivyo jirani. Waliopo katika msitu wa Ngezi, Pemba, walipelekwa na watu mwaka 1974. Sensa iliyotangazwa mwaka 2017 ilikadiria zaidi ya kima 5,800, idadi iliyozidi sana makadirio ya awali, lakini ilibaini pia kwamba watoto wengi hawafiki ukubwani, na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati.

Wapo wanaodhani mkungu hauchanui, kwa sababu maua yake ni madogo, meupe, yaliyojificha kati ya majani.

Dhana iliyowaletea kima madhara makubwa ni ile ya kwamba huua miti na kuwafilisi wenye minazi. Ni kweli kwamba hula vidaka, yaani nazi changa, lakini utafiti wa Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, uliochapishwa mwaka 1999, haukuona mavuno ya nazi yakipungua kwa sababu yao, kwani mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi kabla havijakomaa.

Kima akionekana akiguguna kipande cha mkaa alichookota penye tanuri la zamani, watu husema ana njaa au ni mgonjwa. Ukweli ni kwamba majani ya mkungu na ya mwembe yana kemikali chungu zinazozuia mmeng'enyo, na mkaa huzinasa. Tumbo lake lenye vyumba kadhaa huchachusha majani na halikuumbwa kwa matunda matamu yaliyoiva, hivyo anayemrushia ndizi mbivu kwa huruma humdhuru, tena humzoesha kushuka barabarani, ambako magari yameua wengi na matuta yamepunguza tu vifo hivyo.