Wimbi la joto baharini si maji ya moto, na mengine tunayoyachanganya

Ramani ya joto la bahari ni rahisi kuisoma vibaya. Ukiona eneo limepakwa rangi nyekundu, akili inakimbilia maji ya kuunguza. Kumbe mara nyingi rangi ile haisemi maji yana joto kiasi gani. Inasema yamezidi kawaida yake kiasi gani. Ukilisahau hilo, mengine yote yanakwenda kombo.

Dhana: wimbi la joto baharini ni maji ya moto

Kwa fasili inayotumiwa na watafiti wengi tangu 2016, bahari huwa na wimbi la joto pale maji yanapokaa siku 5 mfululizo au zaidi juu ya kiwango ambacho, kwa tarehe hiyo na mahali hapo, huvukwa takriban mara 1 tu katika 10. Kawaida yenyewe hupatikana kwa kumbukumbu za miaka 30 hivi. Uzito wote uko kwenye maneno "tarehe hiyo" na "mahali hapo". Maji ya nyuzi 8, ambayo ukiingia utatoka unatetemeka, yanaweza kuwa ndani ya wimbi kali la joto, tena katikati ya majira ya baridi.

Ukali nao hupangwa kwa ngazi. Tuseme kawaida ya mahali fulani leo ni nyuzi 20, na mpaka wa wimbi ni 21.5. Tofauti ni 1.5, na hicho ndicho kipimo cha ngazi. Kati ya 21.5 na 23 wimbi ni la wastani, likifika 23 ni kali, 24.5, kali sana; 26 kwenda juu, la kupindukia. Mahali ambapo bahari haibadilikibadiliki, tofauti hiyo huwa ndogo, kwa hiyo hata nyuzi 2 za ziada zinaweza kulipandisha wimbi hadi ngazi za juu.

Mfano mzuri uko kwenye maji baridi kabisa. Mwishoni mwa 2013, kaskazini-mashariki mwa Bahari ya Pasifiki, mgandamizo mkubwa wa hewa uling'ang'ania mahali pamoja, pepo zikalegea, na bahari ikashindwa kutoa joto lake kama ilivyozoea. Nick Bond, mtaalamu wa tabianchi wa jimbo la Washington, akalibatiza bonge lile la maji vuguvugu The Blob. Lilidumu hadi 2016. Katika Ghuba ya Alaska samaki aina ya chewa wa Pasifiki (cod) walijikuta miili yao inadai chakula zaidi wakati chakula kinapungua. Idadi yao ilianguka vibaya hata uvuvi wao katika maji ya serikali kuu ya Marekani ukafungwa kwa msimu wa 2020. Ndege wa baharini wanaoishi kwa samaki wadogo nao walikufa kwa njaa; makadirio ya baadaye yalifikia ndege takriban milioni 4 wa aina moja tu. Hakuna aliyechemka pale.

Dhana: ni El Niño tu

El Niño, yaani vipindi ambavyo maji ya Pasifiki ya ikweta hupata joto kuliko kawaida, huchangia sana, hasa katika tropiki. Lakini bonge la Pasifiki lilianza zaidi ya mwaka mmoja kabla ya El Niño kubwa ya 2015–2016. Wimbi la 2011 magharibi mwa Australia, lililoteketeza takriban kilomita 100 za misitu ya mwani mkubwa, lilikuja wakati wa La Niña, yaani hali iliyo kinyume chake: mkondo wa maji ya joto ulisukumwa kusini kwa nguvu kuliko kawaida. Nyuma ya yote hayo kuna bahari ambayo imekwisha kumeza takriban asilimia 90 ya joto la ziada la sayari, kwa hiyo kila wimbi jipya linaanzia juu zaidi.

Dhana: setilaiti inapima joto la bahari

Inapima joto la ngozi ya bahari. Vyombo vya infraredi husoma miale inayotoka kwenye tabaka jembamba kuliko unywele. Vile vya mikrowevu huona ndani kidogo, kiasi cha milimita moja, na hupenya mawingu yanayoizuia infraredi, lakini hutaabika karibu na nchi kavu na kwenye mvua kubwa.

Sasa fikiria mchana wa jua kali, bahari imetulia kama maji kwenye sinia. Tabaka la juu linaweza kupanda nyuzi kadhaa, na mita chache chini maji hayana habari. Upepo ukivuma jioni, yote yanachanganyika na joto lile linatoweka. Ndiyo maana mifumo mingine ya kufuatilia matumbawe imependelea vipimo vya usiku.

Kwa sababu hiyo setilaiti haiachwi peke yake. Husahihishwa kwa maboya yaliyotiwa nanga na yanayoelea na mikondo. Chini zaidi kuna vyelezo vya Argo, mtandao wa kimataifa wa vyombo vya kupimia bahari, karibu 4,000 duniani kote: kila kimoja huzama hadi mita 2,000, kisha kila baada ya siku 10 hivi hupanda kikipima njia nzima na kutuma taarifa kikifika juu. Vimesaidia kuonyesha kwamba wimbi la joto linaweza kujificha chini huku uso ukionekana wa kawaida.

Dhana: boya moja lilisoma nyuzi 38, basi bahari imefika huko

Julai 2023 kipimo katika Manatee Bay, Florida, kilifika nyuzi 38.4. Namba ni ya kweli, ila pale ni maji ya kina kifupi, yaliyozingirwa na yenye tope, na tope hunywa jua. Si kipimo cha bahari kuu.

Dhana: wanasayansi hurekebisha takwimu za zamani ili joto lionekane limepanda

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa ukweli wake umegeuka kabisa. Zamani baharia alitupa ndoo baharini, akaivuta hadi sitahani, akatia kipimajoto na kusubiri dakika chache. Ndoo nyingi zilikuwa za turubai. Upepo ukiipiga ndoo iliyolowa, maji huvukizwa na kupoa, kwa hiyo kipimo hutoka chini ya ukweli. Baadaye meli zikaanza kupima maji yanayoingia kupoza injini, na joto la chumba cha injini likakipandisha kipimo kidogo.

Ukiziunganisha namba hizo bila marekebisho, bahari itaonekana imepata joto zaidi ya ilivyopata. Marekebisho ya ndoo huzipandisha namba za kale. Matokeo yake, mwelekeo wa ongezeko la joto duniani tangu karne ya 19 unapungua kidogo.

Dhana: nyuzi moja si kitu

Kwa hewa, labda. Lakini takriban mita 3 za juu za bahari hubeba joto sawa na angahewa nzima. Matumbawe hufuatiliwa kwa kujumlisha: nyuzi 1 juu ya wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote, kwa wiki 1, ni alama 1. Alama 4 zikikusanyika ndani ya wiki 12, kupauka, yaani matumbawe kugeuka meupe, kunatarajiwa. Zikifika 8, vifo. Nyuzi moja tu, wiki nane, inatosha. Aprili 2024 ilitangazwa kwamba dunia iko katika tukio la nne la kupauka kwa matumbawe.

Watafiti wenyewe bado wanabishana kuhusu ile kawaida ya miaka 30 hivi ambayo mawimbi ya joto hupimwa nayo. Ikibaki ya miaka ileile ya zamani, kuna maeneo yatakayokuwa kwenye wimbi la joto karibu mwaka mzima. Ikisogezwa mbele kila baada ya muda, mawimbi yanapungua kwenye karatasi ingawa maji hayajapoa. Kabla ya kulinganisha ramani mbili, basi, tazama pembeni mwa kila moja uone kawaida yake ni ya miaka ipi.